Kivumishi cha Kiingereza na Mahali Kinapokaa
(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi, Kisumu)

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliobanana huko nyuma, hamjambo. Waliotoka Kakamega na Busia, poleni na safari.

Nianze na kumbukumbu za chama. Kikao kikiandikwa kwa Kiingereza, juu kabisa huwekwa "members present", yaani waliohudhuria. Geuza uandike "present members". Hao ni wanachama wa sasa, akiwemo yule aliyekuwa Kibuye akiuza omena wenzake wakikutana. Maneno ni yale yale mawili.

Walimu wakuu, hili lawahusu zaidi. Barua ikisema "the parents concerned", inawaita wazazi wahusika, labda watatu tu ambao watoto wao waliruka ua. Ikisema "concerned parents", inazungumzia wazazi wenye wasiwasi, na katika muhula wa mitihani sijui ni mzazi gani atakayebaki nyumbani.

Kwa nini mahali pana nguvu hivyo? Sisi tuna ngeli. Ukiniambia "vikubwa" peke yake, najua husemi watu wala miti. Kiambishi kimeshachunga uhusiano. Kiingereza hakina mchungaji huyo. "Big" ni "big" kwa kitabu kimoja na kwa vitabu mia. Hakikuwa hivyo tangu zamani: kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliosema Kifaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, vivumishi vyake vilibadilika miishio kufuata jinsia, idadi na uhusika wa nomino. Miishio ikapukutika kwa karne kadhaa, na kadiri ilivyopotea, mpangilio wa maneno ulizidi kubeba mzigo.

Basi kanuni kuu ni kwamba kivumishi hutangulia nomino. Kiswahili huweka nomino kwanza, Kiluhya vilevile, na Mjaluo husema "ot maduong'", nyumba ndiyo inayotangulia. Kwa hiyo mtoto wa huku anaanza Kiingereza akiwa amegeuzwa kichwa chini, na tumvumilie. Wanormani nao waliacha mabaki ya Kifaransa katika sheria na utawala, ndiyo sababu tunasema "Attorney General", kivumishi nyuma. Wakiwa wawili, wingi wa jadi ni "Attorneys General", kwa kuwa nomino ni ile ya kwanza.

Viko vivumishi visivyokubali kutangulia kabisa: "asleep", "awake", "afraid", "alone". Unasema "the child is asleep", lakini "an asleep child" hakuna. Sema "a sleeping child". Vingine, kama "main" na "former", havikubali kukaa nyuma ya kitenzi: "the main road" ni sawa, "the road is main" si Kiingereza.

Sasa lile swali mnaloniuliza kila mara: vivumishi vikiwa vingi, kipi kwanza? Vitabu vya shule hutoa orodha ndefu: maoni, ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, malighafi. Ni kweli, lakini mimi sipendi kuikaririsha, maana ni nadra mtu kurundika zaidi ya vitatu. Wapeleke watoto ufuoni Dunga, waione mashua, waseme "a beautiful old wooden boat". Maoni huwa mbali na nomino. Malighafi hukaa karibu nayo kabisa. Ukisema "a wooden old beautiful boat" utaeleweka, ila sikio la mwenye lugha litashtuka, naye huenda asijue kueleza kwa nini.

Jambo la mwisho kabla ya maswali. Baada ya vitenzi kama "look", "taste" na "smell", anayesifiwa ni mtajwa, wala si tendo, kwa hiyo huja kivumishi. Samaki akiharibika, "the fish smells bad". Ukiongeza "-ly" ukasema "smells badly", umemlaumu samaki kwamba pua yake haifanyi kazi.