Tangi la kwanza la maji ya chumvi: lita 100, kwa joto la Dar

Tangi letu la samaki wa baharini ni la lita 100. Usianze na lita 20 ukidhani ndiyo rahisi. Maji yakiwa machache, kosa dogo tu la chumvi au chakula huyaharibu kwa saa chache.

Tuanze na meza. Tangi likishajaa maji, mawe na mchanga hukaribia kilo 130, kwa hiyo stendi ya televisheni haifai. Laza pima maji hapa juu, kwa urefu na kwa upana. Kama imeinama, rekebisha miguuni sasa hivi, maana kioo kinachobeba uzito upande mmoja ndicho kinachopasuka.

Mawe yanatangulia mchanga. Kilo 8 hadi 10 za mawe makavu ya akwariamu (tangi la samaki), yakae moja kwa moja kwenye kioo cha chini, kisha mwaga mchanga wa matumbawe uliosuuzwa, kina cha sentimita 3. Ukitanguliza mchanga, samaki anayechimba ataliporomosha jiwe mpaka kwenye kioo. Kung'oa matumbawe baharini usijaribu: kwenye hifadhi za bahari ni marufuku, na viumbe vilivyomo vikifia njiani vitaozea ndani ya tangi.

Maji yachanganyie kwenye pipa la plastiki. Tumia maji ya RO, yaani yaliyochujwa mpaka karibu hayana madini, siyo ya bomba yenye klorini. Mawe na mchanga vimekula nafasi, kwa hiyo zinahitajika kama lita 85. Kwa gramu 38 za chumvi ya akwariamu ya baharini kila lita, ni kilo 3.2 hivi. Chumvi ya jikoni, hata isiyo na madini joto, haina kalisiamu wala magnesiamu ya kutosha. Acha pampu izungushe usiku kucha, kisha pima kwa refraktomita, kifaa cha kupima chumvi kwa uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu: tunataka 1.025 hadi 1.026. Kifaa chenyewe kisahihishe kwanza kwa maji maalumu ya kipimo cha 35, yaani gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Refraktomita mpya nyingi hudanganya.

Washa pampu ya mawimbi. Waya wake uning'inie chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili maji yanayotiririka yadondoke sakafuni yasiingie kwenye umeme. Hita ya wati 100 ni ya watu wa Arusha na Nairobi. Hapa Dar adui ni joto. Tunataka nyuzi 25 hadi 27, kwa hiyo feni hii ndogo inapuliza juu ya maji.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Feni inapoza kwa kukausha maji, pengine lita nzima kwa siku, lakini chumvi haiondoki. Ukijazia maji ya chumvi, kipimo kitapanda kila siku mpaka samaki wafe. Piga alama kwenye kioo, na kila asubuhi jazia maji matupu ya RO mpaka hapo.

Samaki bado. Tia amonia isiyo na manukato mpaka kipimo kisome 2 (miligramu kwa lita), ongeza bakteria wa chupa wanaoila amonia hiyo, usubiri. Amonia itageuzwa nitriti, nitriti iwe nitrati. Kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Maji ya bahari yana pH ya juu, na hapo amonia huwa sumu kali zaidi kuliko kwenye maji yasiyo na chumvi, ndiyo maana hatuharakishi. Tangi liko tayari pale amonia ya 2 inapokwisha ndani ya saa 24 na nitriti ikasoma sifuri. Kioo kikipata utando wa kahawia wakati huo, ni mwani wa mwanzo tu. Futa, usitie dawa.

Badilisha theluthi moja ya maji, kisha leta Amphiprion ocellaris wawili wadogo, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Acha mfuko wao uelee tangini dakika 15, dondoshea maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa, halafu wahamishie tangini kwa kikombe. Maji ya dukani yamwage chooni. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri iwe karibu, maana samaki watakosa oksijeni kabla hawajaathirika na joto.