Joto Halipunguzwi kwa Rula: Mhadhara kuhusu Watengenezaji wa Treni Ndogo za Mvuke

Ndugu wasikilizaji, anayetaka kuunda treni ndogo inayokwenda kwa moto na maji ya kweli hukutana mapema na kikwazo kimoja: chuma kinakubali kupunguzwa, joto halikubali. Ukipunguza vipimo vyote vya kichwa cha treni mara 20, uso wa boila unaopoteza joto hupungua mara 400, ilhali maji yaliyomo hupungua mara 8,000. Kwa hiyo boila ndogo hupoa upesi mno.

Kampuni ya Roundhouse, iliyoanzishwa mwaka 1982 huko Doncaster, Uingereza, mji ambao karakana zake ndizo zilizounda treni ya Mallard mwaka 1938, ilikikabili kikwazo hicho kwa namna ninayoiheshimu sana. Badala ya kunakili mabomba mengi membamba ya boila kubwa, hupitisha bomba moja pana ndani ya boila ya shaba nyekundu na kuwasha humo gesi, mahali ambapo upepo wa bustanini hauufikii moto kwa urahisi kama ulivyoufikia moto wa spiriti uliowaka wazi chini ya boila za zamani.

Tazameni pia kidumu chake cha mafuta ya kulainishia. Mvuke kidogo huingia humo kupitia tundu jembamba, hupoa na kuwa maji. Maji hayo, kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, huzama na kuyainua mafuta hadi yaingie kwenye bomba la mvuke na kufika kwenye silinda, yaani mtungi ambamo mvuke husukuma pistoni. Hakuna pampu wala gurudumu. Baada ya safari, mwenye treni huyatoa maji na kujaza mafuta upya.

Kampuni ya Aster ya Japani, kuanzia mwaka 1975, ilifuata njia ya uaminifu kwa treni halisi hadi kwenye vipande vidogo kabisa. Kazi yake ni nzuri ajabu, ingawa humdai mwendeshaji uangalifu mkubwa zaidi.

Reli ndogo yenye upana wa milimita 45, kwa kipimo cha 1:22.5, inalingana na reli yetu yenye upana wa mita moja. Kwa hiyo treni za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na Beyer Peacock kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zinaweza kuundwa kwa kipimo hicho. Lakini Garratt ina silinda mbele na nyuma, na boila katikati. Mtengenezaji atalazimika kuamua kwanza jinsi mvuke utakavyopita kwenye viungo vinavyojipinda, hadi ncha zote mbili, bila kugeuka maji njiani.