Mjukuu Wangu na Vifuniko: Kumchagulia Mtoto Mdogo Zawadi

(Mazungumzo na wazazi wa chekechea, Kisumu)

Hamjambo, wazazi? Walio nyuma mnanisikia? Haya. Naona wengine mmekalia viti vya watoto wa PP1, darasa la chekechea, magoti yamefika kifuani, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nimeombwa nizungumzie zawadi ya siku ya kuzaliwa, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mjukuu wangu alipotimiza miaka miwili nilimnunulia mwanasesere anayeimba. Ukimbonyeza tumbo, anaimba na mashavu yanawaka taa. Nililipa shilingi 850 katika duka moja hapa mjini, nikaomba afungwe kwa karatasi inayong'aa. Keki ikakatwa, watu wakapiga makofi, simu zikatolewa, nami dani, yaani nyanya yake, nikavimba kichwa. Mtoto alimbonyeza mara mbili tu. Akamlaza kifudifudi, akaanza kumchokoa mgongoni kwa ukucha. Huko mgongoni kulikuwa na kifuniko cha betri. Tundu la skrubu lipo, skrubu yenyewe hakuna. Kabla sijamfikia, kifuniko kilikuwa chini na betri tatu, zile ndogo bapa kama sarafu, zilikuwa kiganjani mwake.

Na wiki ile nzima kabla ya sherehe mtoto huyo hakuwa na kazi nyingine ila kufungua vifuniko! Thamosi, kopo la chumvi, chupa ya mafuta ya kujipaka. Nilimwona kwa macho yangu, hata nikamgombeza kwa chumvi iliyomwagika. Lakini nilipoingia dukani sikumfikiria yeye. Nilifikiria makofi.

Kuhusu betri hizo, nisikilizeni vizuri. Mtoto akimeza betri bapa ya lithiamu, hasa ile yenye kipenyo cha milimita 20, inaweza kukwama kwenye umio. Si lazima ivuje. Umeme wake ukikutana na majimaji ya mwili, hutokea alkali kali inayounguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kufanyika ndani ya saa 2. Usimtapishe. Usingoje aitoe chooni. Mkimbize Russia (nyinyi wageni, hiyo ndiyo hospitali yetu ya rufaa ya Jaramogi, jina limebaki tangu Wasovieti walipotusaidia kuijenga), na ukifika mlangoni taja neno "betri" ili apigwe eksirei upesi. Sumaku ndogo nazo ni hatari: mbili zikimezwa, huvutana na kubana utumbo katikati. Na baluni, ambazo hakuna sherehe inayozikosa, kipande cha baluni iliyopasuka kinaweza kuziba njia ya hewa kabisa. Viokoteni vipande vyote kabla hamjaendelea na keki.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kipimo mnacho nyumbani. Tishu ya choo ikiisha, usitupe ile kadibodi ya katikati. Chochote kinachopita ndani ya tundu lake kinaweza kumkaba.

Sasa nikarudi kumnunulia zawadi upya. Jumapili nilikwenda soko la Kibuye, upande wa vyombo, nikachagua makopo matatu ya plastiki: moja la kusokota, moja la kubonyeza, moja ambalo kifuniko chake kimeshikizwa na mwili. Shilingi 150 yote. Ndani nikatia vipande vya mbao alivyobakiza seremala, vikubwa kuliko ngumi ya mtoto, vimepigwa msasa na havina rangi, maana rangi nyingine zina madini ya risasi, na madini hayo huharibu ubongo wa mtoto. Mngemwona na lile kopo la kusokota. Anazungusha kifuniko kidogo, mkono unafika mwisho, halafu badala ya kuachilia na kushika upya, anaurudisha mkono pamoja na kifuniko. Kimefunga tena. Alihangaika hivyo siku nne, mate yakimtoka. Siku ya tano aliachilia, akashika upya, na kifuniko kikatoka. Akanitazama mimi, akatazama ndani, kisha akakirudishia ili aanze tena.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa toi nimeona kinyume chake: kibaya ndicho kinachojiuza, kwa taa na kelele, na mtoto hubaki mtazamaji.

Kwa umri mwingine sina mengi. Wa mwaka mmoja hufurahia kutia na kutoa, basi bakuli na vijiko vya mbao vinamtosha. Wa miaka mitatu anaanza kujifanya mama, dereva wa tuktuk, muuza samaki. Mpe kikapu, leso kuukuu na sufuria ndogo. Wa minne au mitano mtafutie mpira. Sisi tuliusuka wenyewe kwa mifuko ya nailoni, lakini tangu marufuku ya Agosti 2017 hata malighafi hiyo imeadimika, kwa hivyo baba, toa pesa. Toi za mitumba pia si haba. Zifue kwanza, na uyavute macho ya dubu kwa nguvu zako zote. Yakitoka mkononi mwako, yangetoka kinywani mwake.

Ndiyo, mama, uliza. Anasema kuna shangazi wa Nairobi ambaye kila mwaka huleta toi za kelele, afanyeje? Mpigie simu wiki mbili mapema. Akiuliza alete nini, usimwambie "chochote tu." Mwambie mtoto yuko katika nini siku hizi: anavuta vitu kwa kamba, anapanga viatu mlangoni, anafungua vifuniko. Akija na ya kelele hata hivyo, ipokee kwa mikono miwili, mshukuru, na usiku watu wakilala chukua bisibisi uikague ile skrubu.