Graundihogi Chini ya Nyumba: Usizibe Shimo Kabla Hujajua Nani Yumo

Haya ndugu zangu, wazee shikamooni, na nyie wengine habari za jioni. Leo naongea na wenzangu mliopata nyumba zenye yadi (uwanja wa nyumba) hapa Ohio, Marekani, na nawaomba sana kitu kimoja, ukiona shimo la graundihogi usikimbilie kuliziba, kwanza ujue nani yumo na tuko mwezi gani.

Graundihogi (kwa Kiingereza groundhog) ni mnyama mchimbaji wa ukoo wa kindi, ila huyu ni mnene, miguu mifupi, manyoya ya kahawia yenye mvimvi, kilo 2 mpaka 6 hivi. Anatoka mchana, hasa asubuhi na jioni, anasimama kwa miguu ya nyuma anaangaza huku na huku. Sasa sisi tuliotoka Kilimanjaro au Kivu tumezoea fuko tunadhani ni yule yule, hapana jamani. Fuko anakula mizizi huko huko chini na mlango wake anauziba kwa udongo, lakini huyu anatoka nje kula majani, kunde, maharage, matembele, sukuma, na mlango wake uko wazi, upana sentimita 25 mpaka 30, na rundo la udongo mbele. Ukiona tundu dogo la sentimita 5 halina udongo nje, huyo ni mwingine kabisa, mdogo, wala usihangaike naye.

Ila msitosheke na shimo moja. Graundihogi ana milango mingine ameichimba kutokea chini kwahiyo haina rundo, imejificha kwenye nyasi, ndo hiyo mtoto anakimbia mguu unazama. Handaki linashuka hata mita 1 na nusu. Likiwa mwisho wa yadi mwacheni tu, mimi naona hana shida. Likiwa chini ya deki (baraza ya mbao), stoo ya nje au msingi wa nyumba, hapo hapana, maana udongo unaoshikilia zege unapungua kidogo kidogo na maji ya mvua nayo yanafuata njia hiyo hiyo.

Mwezi sasa, hapa ndo wengi wanakosea. Winta, yaani majira ya baridi, analala, kuanzia mwezi wa 10 au 11, anaamka mwezi wa 2 au wa 3, na ile sherehe ya Februari 2 ya kutabiri winta itaisha lini, kule mji wa Punxsutawney, jimbo la Pennsylvania, wanayofanya tangu 1887, inamhusu huyu huyu. Watoto wanazaliwa mwezi wa 4 na wa 5, wanaanza kujitegemea mwezi wa 7. Ukiziba mwezi wa 5 watoto wanafia ndani na mama yao anachimbua kila upande kuwafuata, ukiziba Desemba umemzika hai. Muda mzuri ni mwezi wa 7 mpaka wa 9.

Unafanyaje? Jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa kwenye kila mlango, bila kushindilia, subiri siku 3 za hali ya hewa nzuri. Yakisukumwa, yumo. Fyeka nyasi zote zinazomficha, weka mchanga mchafu wa choo cha paka mlangoni lakini umwachie nafasi ya kutoka, atahama mwenyewe, halafu rudia magazeti. Pakiwa kimya ndo unaziba. Tumia wavu wa chuma mzito, sio ule wa banda la kuku maana anautafuna, uzike sentimita 30 hivi chini kisha ukunje kwenda nje, mfano wa herufi L, akichimba anakutana nao.

Mama mmoja hapo nyuma ananiuliza kuhusu petroli. Mama yangu, usimwage, nakusihi. Mvuke wake unaingia ndani mnakolala na udongo unabaki na sumu. Na zile bomu za moshi za dukani zinatoa kaboni monoksaidi, gesi inayoua watu usingizini, kwahiyo karibu na jengo hata usifikirie.

Kaka umeuliza mtego, unaruhusiwa? Kumkamata na kwenda kumwachia sehemu nyingine ni kosa kwenye majimbo mengi, Massachusetts kwa mfano ni marufuku, hivyo piga simu kwanza ofisi ya wanyamapori ya jimbo lako. Na usimshike kwa mkono hata akionekana mpole, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Akikung'ata wewe au mtoto, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa wenu wa hapo nyumbani hakikisheni chanjo zao haziishi muda.