Pauni 150 kwa siku, hela inaenda wapi?

Wadau, habari zenu. Leo sizunguki mjini, nimekaa jikoni tu, maana lile swali halikomi: "Kaka, fundi rangi Uingereza analipwa pauni 150 kwa siku, wewe hela unapeleka wapi?" Nikijibu, wapo watakaosema naringa. Nikisema zinakatwa, wapo watakaosema nalia njaa ili nisiombwe. Semeni tu, mimi natoa hesabu.

Saiti nyingi za huku huajiriwi. Umejiajiri, kontrakta anakuchukua kama sabukontrakta, na utaratibu wake unaitwa CIS. Kabla hela haijagusa akaunti yako anakata asilimia 20, anapeleka HMRC, ndiyo TRA ya huku. Ile 150 inafika 120. Na hapo umejisajili. Hujajisajili? Wanakata asilimia 30, unabaki na 105. Ukinunua rangi kwa hela yako, hiyo haikatwi, ili mradi uiandike kivyake kwenye ankara.

Sasa watu wanadhani wakishakatwa wamemalizana na serikali. Bado. Mwaka wa kodi unaisha tarehe 5 Aprili, halafu mpaka 31 Januari inayofuata uwe umejaza ritani, yaani fomu ya mapato na kodi yako, mwenyewe mtandaoni. Ukichelewa hata siku moja ni faini ya pauni 100, hata kama wao ndio wanaodaiwa na wewe!

Tuchukue mfano, na si mimi huyo, msianze. Mtu kaingiza 34,500 kwa mwaka, gharama za gari na vifaa 4,500, faida 30,000. Pauni 12,570 za kwanza hazina kodi. Zinazobaki kodi ni asilimia 20, yaani 3,486. Juu yake kuna National Insurance, mchango wa hifadhi ya jamii, asilimia 6 ya hizohizo zinazobaki, kama 1,046. Jumla 4,532. Lakini kontrakta alishamkata 6,900, kwa hiyo anarudishiwa kama 2,368. Ndiyo zile hela mnazoona mtu kabandika picha mnasema kaokota dhahabu. Ni jasho lake mwenyewe, limekaa kwao tu.

Na kulipata bila karatasi ni shughuli. Mwezi wa kodi unaisha tarehe 5, na ndani ya siku 14 kontrakta anatakiwa akupe hati ya alichokukata. Kuna jamaa mmoja nilimfanyia kazi, simtaji. Kukata alikuwa hodari, hakukosea hata senti. Hati? "Kesho, kaka." Namkuta saiti anakunywa chai, ananipungia mkono kama shemeji yake. Mpaka ritani inakaribia bado ni kesho, ikabidi nikae na ankara na taarifa za benki usiku, nalinganisha malipo moja moja, na alfajiri nina dari la kupaka. Huyo bado roho inaniuma.

Likizo sisi hatuna, na mwajiri wa kukulipa ukiumwa hayupo. Kiuno kilipogoma nililala ndani, hela ikalala na mimi. Ukitafuta nyumba ya kupanga, wakala anataka hati ya mshahara, na wewe huna, una SA302, karatasi ya HMRC ya hesabu ya mapato na kodi yako, anaitazama kama nimeichapa mwenyewe. Halafu kwenye kundi la ukoo mjomba anapiga 150 mara siku 30, Jumapili zote ndani!

Hiyo National Insurance wengine wanailalamikia, mimi hapana. Ndiyo inayohesabu miaka yako ya pensheni ya serikali: chini ya miaka 10 hupati kitu, pensheni kamili ni 35. Ila mjue, ukistaafu ukarudi kuishi Tanzania unalipwa, lakini kiwango kinaganda palepale, hakipandi kila mwaka kama cha aliyebaki huku.

Haya ni ya kwangu. Mwingine kafungua kampuni, mwingine anabeba boksi kwa mkataba na analala usingizi. Mimi si mhasibu, tafuteni wenu, na mkiulizwa msiseme nimewatuma.

Na wewe uliyeniandikia mara nyingi nikufanyie mpango wa saiti ukija na visa ya mwanafunzi: visa hiyo hairuhusu kujiajiri, iwe likizo iwe wikendi. Nimeona ujumbe wako, jibu ndiyo hilo.