Omu ngapi ndani ya ampli? Tuongee kuhusu sauti unayoipenda wewe

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Poa. Omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme, na ampli ni ile mashine ya kukuza sauti inayosukuma spika. Kuna mtu kanishika pale mlangoni kaniuliza, spika yangu ni omu 8, kwa hiyo na ampli lazima ndani iwe na omu 8? Hapana. Ukifanya hivyo nusu ya nguvu inaishia kuchemsha ampli yenyewe. Ile 8 iliyoandikwa nyuma ya ampli inasema inaweza kubeba mzigo gani, haisemi yenyewe ndani ina omu ngapi. Ampli nyingi za transista ndani zina 0.05 hivi, za taa, yaani zile za mirija ya kioo badala ya transista, hasa zisizo na fidibaki (kurudisha sehemu ya sauti ya kutoka ili ampli ijisahihishe), zinaweza kufika 2 au 3.

Na spika nayo haina omu 8, hiyo ni ya kwenye karatasi tu. Kule chini kwenye besi kuna frikwensi ambayo koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, inapenda kuyumba yenyewe, hapo impidansi, yaani hizo omu zake, inaweza kupaa hadi 40, kisha inashuka mpaka 6, halafu huku kwenye trebo inaanza kupanda tena sababu ya koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni. Sasa chukua ampli ya omu 2, inagawana volti na spika, kwenye 40 spika inapata asilimia 95, kwenye 6 inapata 75. Hiyo ni tofauti ya desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na desibeli 2 unazisikia vizuri tu. Ya 0.05 tofauti haifiki hata 0.1. Ndo maana mtu akihamisha ampli ya taa kwenye spika nyingine anasema imebadilika tabia, wakati ampli ni ileile!

Halafu kuna breki. Koili ikicheza kwenye sumaku inazalisha umeme wake wa kurudi, ampli yenye omu kidogo inaupitisha na ule umeme ndo unaishika koni isiendelee kuyumba. Wauzaji wanaiita dampingi fakta, yaani omu za spika ukigawa kwa omu za ampli, wanakuandikia 500, 1000, unatoa hela. Lakini waya wa koili wenyewe una kama omu 6 na uko kwenye njia hiyohiyo, kwa hiyo kutoka 0.05 kwenda 0.01 umetoka 6.05 ukaenda 6.01. Mimi hapo huwa nacheka tu.

Kwa hiyo tunachagua vipi? Spika ya fulurenji, yaani moja inayopiga sauti zote, yenye sumaku kali, ile ambayo besi yake imekonda, inapenda omu kadhaa, koni inaachiwa kidogo na besi inanenepa. Spika ambayo tayari inavuma kama pipa, usiiongezee. Na zile za njia tatu zenye krosova nyingi, zile sakiti zinazogawa besi, kati na trebo, ziache na ampli ya omu karibu na sifuri, ndivyo zilivyopigiwa hesabu.

Huna haja ya kununua ampli nyingine kujaribu. Tafuta resista, kile kipande cha kuzuia umeme, ya omu 1 au 2, wati 10, iunge kwenye waya mmoja wa spika, sikiliza. Ila ukiweka ya 2 sauti inashuka kama desibeli 2, rudisha volyumu kwanza ndo ulinganishe, maana sikio linadanganyika, chenye sauti kubwa kidogo linakiona kitamu. Mimi niliweka 2 kwenye spika zangu ndogo nikafurahi wiki nzima, baadae nikagundua kila mwanaume anayeimba anasikika kama yuko ndani ya mtungi, nikashuka 1 na ipo mpaka leo.

Ukitaka kujua ampli yako ina ngapi, piga toni moja kwa sauti ya chini, pima volti bila mzigo, tuseme 2, kisha weka resista ya omu 8 upime tena, ikishuka hadi 1.6 basi ndani ina omu 2. Hii ni kwa transista! Ya taa usiiache bila mzigo hata dakika, transfoma itakulilia, hiyo unapima kwa resista mbili tofauti.

Ndio kaka, uliza. Anasema badala ya resista si atumie tu waya mwembamba mrefu? Inafanya kazi ileile kabisa, waya mwembamba nao ni resista, tatizo kuna watu wameutumia miaka kumi bila kujua halafu wanaisifia ampli.