Mnara wa Amsterdam umevuka mfereji? Tazama picha hii

Hamjambo huko nyumbani. Leo sogeeni karibu na skrini. Huu ni mnara wa Montelbaanstoren, Amsterdam, kando ya mfereji wa Oudeschans. Ulijengwa 1516 kuulinda mji. Kile kilele chenye saa kiliongezwa 1606. Rembrandt, mchoraji Mholanzi wa karne ya 17 aliyeishi hatua chache tu kutoka hapo, aliuchora bila kilele. Alikiacha makusudi, na mimi namuunga mkono.

Ukisimama kwenye daraja la Sint Antoniesluis, mnara uko kushoto kwako. Kwenye picha hii uko kulia. Msanii hajapotea njia. Hii ni ets, kama Waholanzi wanavyoiita: picha iliyochorwa kwenye bamba la shaba, na likichapwa, kila kitu kinageuka kama kwenye kioo. Anayetaka mnara ubaki kushoto huuchora kinyume tangu mwanzo, pamoja na sahihi yake.

Bamba hupakwa nta iliyochanganywa na lami. Sindano haichimbi shaba, inakwangua nta tu. Kinachokula shaba ni asidi. Kwa hiyo weusi wa mstari ni suala la dakika. Mawingu hupewa dakika chache, yanafunikwa kwa vanishi, bamba linarudishwa kwenye asidi. Kivuli cha mnara kinaweza kukaa humo hata saa nzima.

Sasa oneni hapa, ukuta unapogusa maji. Pangepaswa kuwa peusi tii, lakini pamepauka. Mistari ilibanana mno, asidi ikaila kwa ubavuni, nta iliyokuwa katikati ikabanduka, kikabaki kidimbwi kipana. Wino hushikwa na mfuo mwembamba. Kwenye kidimbwi, kitambaa cha kufutia kinauzoa wote. Na vile vidoa angani? Bamba halikusafishwa mafuta vizuri, nta haikushika.

Mnaotaka kununua, zungusheni kidole taratibu pembezoni: ukingo wa bamba huacha bonde kwenye karatasi, maana hupitishwa mashineni ikiwa na unyevu, kwa mkandamizo mkubwa. Mulika taa kutoka ubavuni, mistari ya wino itaonekana imeinuka. Kisha weka lenzi. Ukiona nukta zimejipanga safu kwa safu, hiyo ni kazi ya kiwandani, hata kama chini pameandikwa 14/50 kwa penseli, yaani nakala ya 14 kati ya 50. Penseli ni ya yeyote. Muuzaji akikataa kuitoa kwenye fremu, mpe bei ya fremu.